Dume anapinda shingo, jike tunataka azae: tuwalishe nini?

SWALI: Kaka daktari, mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Minnesota na wanangu wawili. Mkubwa ana miaka 15, mdogo minne. Mkubwa anafuga nyoka wawili wa gata, wale wembamba wa Amerika ya Kaskazini, dume na jike, tuliowanunua kwa mzalishaji wakiwa vichanga. Sasa wana mwaka na nusu na wanakaa tangi moja. Tangu Februari tunawapa samaki wadogo hai wa chambo, wale wa rangi ya chungwa wanaouzwa kwa dazeni, maana ni bei nafuu na nyoka wanawapenda mno. Wiki hii dume ameanza kupinda shingo kama anayetazama dari, na akimrukia samaki anamkosa. Jike yu mzima, tena amenenepa. Kijana anataka kuwalaza kwenye baridi mwezi wa kumi na moja ili mwakani wazae. Tuendelee? Chakula tunakosea wapi? Mama mkwe naye anasema nyoka ndani ya nyumba ni mkosi, nami sina la kumjibu.

JIBU: Dada yangu, nianze na dume, kwa sababu habari ya kuzaa inaweza kungoja na ya dume haiwezi.

Mwambie kijana amtoe tangini taratibu, amlaze chali kwenye kiganja, kisha amwachie. Nyoka mzima hujigeuza papo hapo, hata hujamaliza kufungua vidole. Akikawia, akijigeuza nusu kisha akaishia njiani, au mwili ukajisokota kama kamba iliyolowa, huyo mishipa yake ya fahamu imeguswa. Hatua inayofuata ni degedege, na baada ya degedege kurudi ni shida. Kwa hiyo msingoje Jumatatu. Tafuteni daktari wa wanyama anayetibu wanyama watambaao, si yule wa paka na mbwa peke yao, na mkifika semeni jambo moja kabla ya mengine yote: huyu amekula mino, yaani hao samaki wenu wa chambo, kwa miezi minane. Daktari anayeijua kazi yake atasikia neno hilo na kunyoosha mkono kuchukua sindano ya vitamini B1.

Ikiwahiwa, sindano hiyo hufanya mambo. Nakumbuka jike mmoja niliyemdunga jioni akiwa hawezi hata kuinua kichwa sawasawa. Asubuhi ya pili alikuwa ananusanusa kifuniko cha tangi akitafuta pa kutokea. Wengine hupona mwili lakini shingo ikabaki na kale kapindo maisha yao yote, na kulenga chakula kukawa shida. Mkiwa mnasubiri, ondoeni bakuli la maji ya kina, maana nyoka asiyejiweza huzama kwenye maji ya vidole viwili. Wekeni kisahani. Toeni magogo anayoweza kuanguka kutoka juu yake, punguzeni mwanga, na msimlazimishe kula.

Si kila shingo iliyopinda ni B1, hilo niseme wazi. Dawa ya mende iliyopulizwa chumbani, dawa ya kupe na utitiri, taa iliyochemsha tangi, au pigo la kichwa vyaweza kuleta dalili zilezile. Kama lolote kati ya hayo limetokea, daktari aambiwe pia. Ila kwa miezi minane ya mino, mimi ningeweka shaka yangu hapo kwanza.

Sasa huyo mino ana nini? Ndani ya mwili wake mna kimeng'enya kiitwacho thiaminasi. Kazi yake ni kuikata thiamini, ambayo ndiyo vitamini B1, vipande viwili, na ikishakatwa haina faida tena kwa mwili. Ubongo huendeshwa na sukari, na bila B1 sukari haiwezi kuchomwa ikatoa nguvu. Ni ugonjwa ule ule wa asili moja na beriberi iliyowapata watu walioishi kwa mchele uliokobolewa mpaka ukabaki mweupe tupu. Na mwili hauna ghala kubwa la B1: ikikatwa kila mlo, siku moja inaisha. Ndiyo maana nyoka huonekana mzima kwa miezi, anakula kwa uchu, anajivua gamba vizuri, halafu ndani ya wiki moja anaanza kutazama dari. Mnyama hakuugua wiki hiyo. Alianza kuugua Februari.

Tena jambo hili lina historia hukohuko mnakoishi. Mwaka 1932, kwenye shamba la mbweha wa manyoya la bwana mmoja wa Minnesota, J. S. Chastek, mbweha walianza kupooza na kufa. Walikuwa wanalishwa kapi wabichi, samaki wa bei rahisi. Ugonjwa ukabaki na jina lake mpaka leo, kupooza kwa Chastek, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 watafiti wakauhusisha na upungufu wa B1 unaosababishwa na samaki wenyewe. Kapi, mino na samaki wa dhahabu ni ukoo mmoja. Kwa hiyo mtu akikwambia samaki wa dhahabu ni afadhali kuliko mino, amekutoa kwenye moto akakutia kwenye makaa.

Wengine katika orodha ya wabaya ni smelti, heringi, na vile vidagaa vya mtoni wanavyoviita shaina. Kuhusu smelti nina kidonda changu. Mwaka wa tatu wa ufugaji wangu, kabla sijajua nilichokuwa nafanya, nilinunua ndoo nzima ya smelti walioganda kwa bei ya kutupa. Nilijiambia nimewagandisha, basi wako salama. Walikufa gata watatu wakijisokota kama skrubu, mmoja akiwa na mimba. Kugandisha huua minyoo, hilo ni kweli, lakini thiaminasi hakuigusi. Samaki akikaa frizani, kile kimeng'enya kinaendelea kutafuna B1 polepole, hata ya samaki wengine mliowasaga naye pamoja. Ule msemo wetu wa samaki mmoja akioza, humu umekaa mahali pake hasa.

Kinachoua thiaminasi ni moto: nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika tano. Lakini moto huohuo hupunguza na B1 iliyokuwamo, kwa hiyo ni lazima uongeze ya unga. Ni kazi ya nini, na samaki wasio na kimeng'enya hicho wapo dukani? Chukueni trauti, salmoni, au perege, yule yule wa nyumbani, anayeuzwa Marekani kwa jina la tilapia. Kama nyoka ni wadogo na mnataka samaki wazima, gapi wa kufugwa kwenye tangi lenu wenyewe ni wazuri: wanazaana kama mchwa, na mnajua walikotoka.

Mnofu mtupu nao una kasoro yake. Hauna mifupa, kwa hiyo hauna kalsiamu ya kutosha, na salmoni ana mafuta mengi ambayo yakikaa muda mrefu frizani hugeuka na kumdhuru nyoka kwa njia nyingine. Mimi nanunua mnofu mbichi, nauacha kwenye frizi mwezi mzima kwa ajili ya minyoo, nauyeyusha kwenye jokofu usiku kucha, naukausha kwa karatasi ya jikoni, kisha nakata vipande virefu vyembamba kufuata nyuzi za nyama, upana wa kidole kidogo kwa nyoka mkubwa. Kipande kirefu huteleza kooni. Cha mraba hukwama. Juu yake nanyunyiza unga wa kalsiamu kiasi cha chumvi ya yai la kuchemsha. Na msiweke juu ya matandiko ya mbao. Samaki mbichi hunata, na nyoka humeza vumbi la mbao pamoja na kitoweo mpaka utumbo uzibe. Wekeni kwenye kisahani cha kauri. Kijana akitaka kujua kama kisahani kinafaa, aangalie kama nyoka anaweza kumaliza chakula bila kugusa matandiko.

Na kwa kuwa nawajua wenzangu wa pwani: papa mkavu, ng'onda, dagaa wa chumvi, samaki wa kopo, wala kipande kilichobaki cha samaki wa kupaka, hapana. Chumvi na viungo ni vyenu.

Chakula ambacho ningependa kiwe msingi ni vichanga vya panya, wale wekundu wasioota manyoya, wanaouzwa wakiwa wameganda. Panya mzima ana kila kitu ndani yake, mifupa, ini na vitamini, na hana thiaminasi. Shida ni kwamba gata aliyezoea samaki humtazama panya kama mtoto anavyotazama mchicha. Mbinu ni harufu. Yeyusha kichanga cha panya ndani ya mfuko wa plastiki uliotumbukizwa kwenye maji ya moto kiasi, usitumie maikrowevu, maana hupasuka au hubaki barafu ndani. Kikaushe, kisha kisugue kwa kipande cha trauti mpaka kinuke trauti. Wiki ya kwanza kipakae kwelikweli, ya tatu kiguse tu, ya tano nyoka hakumbuki tena kwamba alikuwa anabagua. Mmoja au wawili kwa mlo, kila siku tano hadi saba, wanamtosha mkubwa. Gata hula kwa pupa na kunenepa haraka, na nyoka mnene si nyoka mwenye afya.

Nyungunyungu nao ni chakula kizuri, ila hapa kuna mtego wa pili, na huu huua haraka kuliko mino. Wapo wale wakubwa wanene, urefu wa shibiri, wanaotoka usiku baada ya mvua na kuuzwa kama chambo: hao ni salama. Wapo na wadogo wekundu wenye pete za rangi ya njano njano, wanaofugwa kwenye mapipa ya mbolea ya taka za jikoni. Hao, jina lao la kitaalamu Eisenia fetida, wakibanwa hutoa majimaji ya njano yenye harufu mbaya, na ndani yake mna protini inayotoboa kuta za chembe za mwili. Nyoka akiwala hutapika, na vitoto hufa. Kipimo cha jikoni ni hiki: mfinye kidogo kwa kibano juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikitiwa njano na pua yako ikakunja, tupa pakiti nzima. Waepukeni pia wale waliotiwa rangi ya kijani ili samaki wawaone vizuri. Na waliobaki msiwamwage bustanini wala msituni. Minnesota haikuwa na nyungunyungu wa asili baada ya zama za barafu, na hawa wa kuletwa wanakula majani makavu ya msituni mpaka ardhi inabaki uchi.

Vyura wa kuokota porini mwachieni nyoka wa porini. Wana minyoo, na hamjui walipita shamba gani lililopuliziwa dawa. Kijana ataniambia amesoma kwamba gata hahofii sumu. Amesoma sawa. Huko Oregon kuna gata wanaokula salamanda mwenye sumu ile ile ya samaki bunju, inayoweza kumuua mtu, na wanaondoka zao, kwa sababu milango ya mishipa yao ya fahamu imebadilika umbo na sumu haishiki. Sumu hubaki kwenye ini la nyoka kwa wiki kadhaa, ikawa mwewe atakayemla ndiye aliye hatarini. Lakini huo ni urithi wa jamii ya nyoka wa mahali pale, waliochujwa na salamanda wao vizazi kwa vizazi. Wenu hawakuurithi kwa kuwa ni gata tu.

Basi tuje kwenye kuzaa. Dada, umeandika neno moja ambalo nimelisoma mara tatu: amenenepa. Jike wa mwaka na nusu, anayelishwa kwa wingi na kuishi tangi moja na dume, akinenepa si lazima iwe ni mafuta. Gata hatagi, anazaa. Watoto hukua tumboni mwake wakilishwa kwa kitu kama kondo la nyuma. Na hahitaji lazima usingizi wa baridi ili apandwe. Usingizi huo huwaamsha ashiki, lakini nimeona mimba nyingi za nyoka ambao mwenyewe aliapa hawajawahi kulala. Daktari akimaliza na dume, mpeni na jike amguse tumbo na ikiwezekana ampime kwa mashine ya mawimbi. Mwombeni na yeye apewe B1, kwa sababu amekula samaki walewale kwa miezi ileile. Kama ana mimba, kumpeleka kwenye baridi ni kumuua yeye na waliomo. Kuanzia leo watengeni, kila mmoja na tangi lake.

Kama hana mimba, jibu langu bado ni kwamba mwaka huu asilale na asizae, na dume vivyo hivyo. Kijana atanuna, najua. Mweleze habari ya salmoni wa Maziwa Makuu ya Marekani, si haya yetu ya Victoria na Tanganyika. Huko kuna samaki mdogo wa jamii ya heringi aliyeingia kutoka bahari ya Atlantiki, anaitwa elwaifu, naye amejaa thiaminasi. Trauti wakubwa na salmoni wanaomla huonekana wanene na wanataga kama kawaida. Lakini mayai yao hayana B1 ya kutosha, na vifaranga wanaoanguliwa huogelea wakizunguka duara, kisha wanakufa kabla hawajajilisha wenyewe. Mama amepita salama, deni limelipwa na watoto. Mimi sitaki jike wako awe mama huyo. Mpeni mwaka mzima wa panya, trauti na nyungunyungu wanene, Novemba ya mwakani ndipo alale, na majira ya kuchipua yatakayofuata atakuwa na miaka mitatu, umri ambao ningemchagulia hata kama asingegusa mino hata mmoja.

Muda huo utumieni pia kumwuliza mzalishaji kama hao wawili ni ndugu. Mara nyingi dume na jike wanaouzwa siku moja walitoka tumbo moja.

Siku ya kuwalaza ikifika, hatari kubwa ni chakula tena, safari hii kilichobaki tumboni. Nyoka husaga chakula kwa joto la nje. Ukimshusha kwenye baridi na panya bado yumo, panya ataoza humo humo. Acheni kumlisha wiki mbili hadi tatu kabla, lakini joto liendelee ili tumbo lijisafishe, ndipo mlishushe kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka kati ya nyuzi 7 na 12. Hapo wakae wiki nane hadi kumi, gizani, na maji safi ya kunywa muda wote. Mtu wa Minnesota atafikiria gereji. Gereji yenu Januari ni kaburi. Chumba cha chini ya nyumba chenye kona ya baridi kinafaa, au jokofu dogo la kuhifadhia mvinyo ambalo halishuki kupita kiasi, likifunguliwa kila siku chache hewa ibadilike. Wekeni kipimajoto chenye kumbukumbu ya kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa usiku. Nyoka akionekana kukonda au kukoroma puani, amsheni.

Wakiamka, mpeni jike milo miwili mitatu kwanza. Akishajivua gamba, ngozi yake hutoa harufu ambayo dume hawezi kuipuuza. Kama mnaweza, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei endesheni gari hadi Narcisse, kaskazini ya Winnipeg, nchini Kanada. Huko maelfu kwa maelfu ya gata hutoka kwenye mashimo ya mawe ya chokaa walimolala. Madume hutangulia na kungoja mlangoni, na kila jike anayechomoza hufunikwa na madume kadhaa mpaka linakuwa donge moja linaloviringika. Chini ya barabara kuu iliyo karibu wamechimbiwa vijia vya kupita ili magari yasiwakanyage. Ukishaliona donge hilo, hutashangaa tena dume wako akisahau kula. Hula akimaliza.

Nyumbani mambo ni ya utulivu zaidi. Mtie dume kwenye tangi la jike. Atapanda juu ya mgongo wake akiusugua kwa kidevu kutoka mkiani hadi shingoni, mwili ukitetemeka kwa mawimbi. Wakishikana, waacheni. Akimaliza huacha kizibo kigumu ndani ya jike, ili dume mwingine asipate njia kwa muda. Msishtuke mkikiona, na msikitoe. Jike anaweza kuhifadhi mbegu kwa miezi, kwa hiyo hesabu ya tarehe isiwape uhakika mkubwa.

Mimba huchukua miezi miwili hadi mitatu hivi, kwa kutegemea joto. Upande mmoja wa tangi uwe na pa kuota joto la nyuzi 30, upande wa pili baridi, achague mwenyewe. Mpeni milo midogo ya mara kwa mara badala ya mikubwa, maana watoto wanabana tumbo. Wiki za mwisho wengi hukataa chakula kabisa. Hapo ndipo wafugaji wapya huingiwa na hofu na kurudi kwenye mino, kwa kuwa mino hakataliwi. Msirudi. Jike aliyelishwa vizuri atafunga wiki tatu bila neno.

Watoto kwa kawaida ni kumi hadi arobaini. Ndiyo, arobaini, muulize kijana atawaweka wapi kabla hajampeleka dume. Huzaliwa ndani ya ngozi nyembamba kama ya kitunguu wanayoipasua wenyewe, urefu wa shibiri moja, wembamba kama penseli, na hujivua gamba siku hiyohiyo. Mama hana habari nao. Watoeni, na yale mayai ya njano yasiyorutubishwa yatupwe. Vitoto hukauka haraka, kwa hiyo kwenye kila boksi iwepo kona ya kuvumwani yenye unyevu, lakini matandiko mengine yawe makavu, la sivyo matumbo yao yataota malengelenge.

Kulisha ndiko kunakochosha. Vitoto viwili vikishika nyungunyungu mmoja, huku na huku, kila kimoja kinameza kuelekea katikati. Wakikutana mdomo kwa mdomo, hakuna anayeachia, na mwenye kinywa kikubwa anaendelea kumeza, nyungunyungu na ndugu yake pamoja. Niliwahi kugeuka kuchukua simu, niliporudi nikakuta mkia wa sentimita tano unaning'inia kwenye mdomo wa mwenzake. Nilimvuta akatoka, akafa usiku ule. Tangu hapo natumia vikombe vya mtindi vilivyotobolewa vifuniko: kitoto kimoja, kikombe kimoja, kipande cha nyungunyungu cha sentimita moja, dakika ishirini, na hakuna kurudi boksini mpaka mdomo umenyamaza na harufu imefutwa kwa karatasi yenye maji. Kila siku ya pili au ya tatu. Mkaidi mpe gapi mdogo ndani ya kisahani cha maji ya kina cha kucha. Anavyorukaruka, wachache hustahimili kumwacha.

Watakaouzwa au kugawiwa, wapewe na karatasi iliyoandikwa wanakula nini. Hakuna hata mmoja wa kuachiwa uwanjani, hata kama gata wa porini wapo mtaani kwenu.

Mama mkwe naye mpe haki yake nusu. Gata hamdhuru mtu. Mate yake yana sumu hafifu ya kumlegeza chura, na akishikwa kwa nguvu atakachokufanyia ni kukupaka uvundo usiotoka kwa sabuni moja. Lakini wanyama watambaao hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na wataalamu wa afya Marekani hushauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe nao kabisa. Mdogo wako ana minne. Kama kijana hawezi kumpelekea rafiki nyoka wake kwa mwaka huu mmoja, basi chumba kifungwe kwa ufunguo, mdogo asiingie, na chochote cha nyoka, panya wa kuyeyusha, kisahani, kibano, kisiguse sinki la jikoni. Panya wawe na frizi yao ndogo hukohuko chumbani.

Na wale mino waliobaki kwenye ndoo, msiwaonee huruma mkawapeleka ziwani. Minnesota sheria hairuhusu kumwaga chambo majini. Wagandisheni, kisha muwatupe kwenye pipa la taka, na ndoo ioshwe kabla dume hajarudi kutoka kwa daktari.